Vidonge Vilivyopungua Njiani

Nalufenya, Jinja
12 Machi 1995

Mpendwa Mjomba Norman,

Ukae kwanza, uvue viatu, ndipo usome, maana leo nina maneno mengi. Sisi huku wazima. Mdogo wangu Jimmy amepata kazi katika duka la vipuri pale Bugembe. Siku ya tatu tu alikwishagombana na mteja, lakini tajiri wake kampenda. Mvua zimeanza na nyumba yangu inavuja pale pale juu ya kitanda. Nimehamisha kitanda badala ya kumwita fundi, kwa hiyo usinihubirie.

Na wewe, bwana harusi? Tarehe kumi na mbili Agosti iko karibu kuliko unavyofikiri. Mwambie Mama Nambozo kwamba mimi, uliyenilea tangu mama yangu alipofariki, nampa ruhusa kamili akuchukue na asikurudishe. Mwanamke huyo ana moyo. Anapikia wanafunzi mia nne kila siku, na bado amepata nafasi ya kumpenda sajini mstaafu wa magereza anayekagua sahani kama anakagua selo! Nakuandikia Kiswahili chetu cha kota za magereza ili akisome naye, asije akadhani tunamsengenya kwa lugha yetu ya kaskazini.

Uliniuliza ninafanya nini hasa huku, "mbali na kuua panya." Sikiliza basi. Ukijikata au ukiumwa na nyuki, mahali hapo panavimba, panapata moto, panauma. Wewe unadhani ni kidonda kinachofanya hivyo. Sicho! Ni mwili wako mwenyewe. Pale palipoumia damu inatengeneza kitu kidogo sana kinachoitwa bradikinini. Hicho ndicho kinachofungua vimishipa ili maji yatoke yajae hapo, na ndicho kinachozichokoza neva mpaka useme "aii". Jina lake lina maana ya mwendo wa polepole, kwa sababu waliokigundua walikitia kwenye kipande cha utumbo, utumbo ukajikunja taratibu, bila haraka.

Nami nafanya vivyo hivyo. Nina kipande cha utumbo wa panya kirefu kama kidole, kinaning'inia ndani ya bilauri ya maji ya chumvi yenye joto, nacho kinaishi saa sita, hata saba. Kinaishi, Mjomba! Kimefungwa uzi, uzi umeshika kijiti, na ncha ya kijiti ina sindano inayochora kwenye ngoma inayozunguka. Ngoma imevikwa karatasi niliyoipaka masizi ya taa ya mafuta. Nikitia tone la bradikinini, utumbo unajikunja na sindano inapanda. Kichupa chake kinatoka Uingereza ndani ya barafu. Juzi umeme ulikatika, hapa hapa Jinja penye bwawa lenyewe la kuuzalisha, nikakimbia mpaka Wanyange kuomba barafu kwa wenye samaki. Dakta Isabirye, mkuu wetu, anasema utafiti wangu sasa unanuka samaki mbuta.

Ninachotafuta ni hiki: bradikinini ikishamaliza kazi, nani anainyamazisha? Mwili una kimeng'enya, yaani kama mkasi mdogo usioonekana, kinachoikata vipande. Nataka kuufunga mkasi huo nione kitakachotokea. Kuna vidonge vinavyoufunga, na rafiki yako Ojwang ataniletea kutoka Eldoret kwa lori lake. Pakiti kumi, kila safari. Atalala kwako kama kawaida, kwa hiyo mlishe vizuri.

Mpwa wako mwenye mikono ya masizi,
Daphine


Mbale
2 Aprili 1995

Kwa Akello Daphine, Mkuu wa Panya, Jinja.

Salamu zako zimefika, nimezipanga mstari, zote zipo. Mimi ni mzima. Mbuzi wawili wazima, wa tatu alikula soksi yangu na bado yuko chini ya uchunguzi. Mama Nambozo anakusalimu na anasema ruhusa yako ameipokea, lakini habari ya kutonirudisha anaifikiria kwanza.

Nilimjengea jiko jipya. Siku nne nimechanganya udongo kwa mikono hii. Alikuja, akaliangalia, akasema moshi wote utaingia chumbani, nikalibomoa mbele yake. Sasa nasubiri amri.

Huyo bradikinini wako nimemfahamu vizuri sana. Nilikuwa na askari wa namna hiyo pale lango kuu. Kosa likiwa dogo yeye hupiga filimbi kubwa, kambi nzima ikatoka mbio na mashuka. Huwezi kumfukuza, kwa sababu siku ya hatari ya kweli ndiye atakayekuamsha. Inabidi awepo mtu wa kumnyang'anya filimbi. Ukimpata huyo mtu, niandikie.

Ojwang alilala hapa Jumanne, akala ugali wa watu watatu, akaondoka alfajiri. Sanduku lako lilikuwa salama chini ya kiti chake. Kile kichwa changu kilichokuwa kikinigonga kisogoni kila asubuhi kimetulia siku hizi, wala usiulize nimefanya nini. Ni hewa ya mlima.

Mwambie Jimmy mteja hapigwi.

Mjomba wako,
Norman Otim, Sajini (mstaafu, lakini si sana)


Nalufenya, Jinja
21 Mei 1995

Mjomba, Mjomba, Mjomba!

Salamu kwako, kwa Mama Nambozo, kwa mbuzi wote pamoja na mshukiwa. Jimmy hajapiga mtu. Mimi mzima, sijala tangu jana mchana na sioni njaa.

Imetokea! Alhamisi saa nne asubuhi. Nilitwanga kidonge kimoja, nikakikoroga kwenye maji, nikachuja kwa karatasi mara tatu kwa sababu hatuna ile dawa safi ya unga. Nikamwagia utumbo matone yake kwanza. Haukufanya chochote. Nikangoja. Kisha nikatia bradikinini, kidogo sana, kipimo ambacho juzi kilikuwa kinainua sindano kwa upana wa ukucha tu. Sindano ikapanda. Ikaendelea kupanda. Ikapita alama ya juu, ikatoka kabisa kwenye karatasi, ikaanza kuchora hewani! Na haikushuka! Nilisimama pale nikihesabu dakika kwa sauti. Dakta Isabirye alitoka ofisini akiwa ameshika kikombe, akaja akasimama nami, chai ikapoa mkononi mwake. Tumerudia mara tano, na mara zote tano imepanda na kukataa kushuka.

Unaona maana yake? Kidonge chenyewe hakifanyi kitu. Kinaufunga mkasi tu, basi bradikinini inabaki, inarundikana, na tone dogo linapiga kelele kubwa. Mtu wako wa kunyang'anya filimbi nimempata, nikamfunga kamba. Na mkasi huo, Mjomba, hauko kwenye utumbo tu. Umejaa kwenye mapafu kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili. Vidonge vyenyewe wagonjwa wa presha huvimeza kila siku, kwa sababu mkasi huo una kazi nyingine ya kubana mishipa ya damu. Mimi navitumia kwa njia yangu. Vinaitwa kaptopril. Septemba nitasimama Kampala mbele ya maprofesa na karatasi zangu za masizi, na sijui nitavaa nini.

Jambo moja tu linaniudhi. Naagiza pakiti kumi, zinafika sita. Machi zilifika sita, na wiki iliyopita zimefika sita tena. Ojwang anaapa kwamba hajui. Nikimkamata nitamleta kwako umtie selo.

Akello wako


Mbale
30 Juni 1995

Kwa Akello,

Nakusalimu. Barua yako ya Mei niliipata. Nimefurahi kwa ajili ya sindano yako.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya shughuli. Ile ya tarehe kumi na mbili Agosti tumeiahirisha. Hakuna ugomvi na hakuna mtu aliyekosea. Usimwandikie Mama Nambozo, na mimi usiniulize.

Kuhusu Ojwang, nakuomba umwache. Ni mtu mwaminifu, na barabara ni ndefu, vitu hupungua. Si lazima kila kitu kihesabiwe.

Mwandiko wangu leo umeharibika, unisamehe. Vumbi limeniingia kifuani.

Norman Otim


Nalufenya, Jinja
9 Julai 1995

Mjomba,

Salamu nitakazoanza nazo ni fupi kwa sababu nimekasirika, nawe unanijua nikikasirika. Jimmy mzima. Mimi mzima. Wewe si mzima.

Vumbi gani? Kila anayetoka Mbale mwezi wa Juni amefika hapa na matope mpaka magotini. Halafu wewe, Norman Otim, uliyetufundisha kuhesabu vijiko baada ya chakula ili tusije tukawa na mazoea mabaya, ndiye unayeniambia si lazima kila kitu kihesabiwe?

Ojwang alipita jana pale Bugembe kuweka mafuta. Nilimuuliza habari zako, akaangalia chini. Akasema, "Mzee anakohoa, dada. Anakohoa mpaka anashika mlango." Akasema pia kwamba Mama Nambozo alimfuata mpaka kwenye lori na kumuuliza amekosa nini. Hukumwambia hata sababu! Mwanamke amekaa anajihukumu peke yake, kila siku anapika posho, ule ugali wa watoto wa watu, huku akitafuta kosa ambalo hakulifanya.

Ulinilea wewe. Nilipougua tetekuwanga ulikaa nami siku tisa ukiwa na sare za kazi, ukiingia na kutoka zamu. Sasa kifua kinakuuma, halafu mimi niambiwe na dereva? Niandikie ukweli. Usiponiandikia, nitapanda basi nije nikusimamishe mbele ya mbuzi wako.

Daphine


Mbale
18 Julai 1995

Akello binti yangu,

Nakusalimu kwa upendo. Usije. Nitasema.

Nilianza kukohoa mwezi wa Aprili, baada ya Pasaka. Ni kikohozi kikavu, hakitoi kitu. Kitu kinawasha hapa kooni, juu ya kidari, nami nikianza siwezi kuacha. Nikilala kinazidi, basi nalala nimekaa. Sina homa. Hospitali wamenipima makohozi ya kifua kikuu mara tatu, na kuyatoa kwenyewe ilikuwa kazi. Mara zote tatu hawakuona kitu. Daktari kijana akaniangalia, akaniuliza taratibu kama ningependa kupima damu. Nilimsalimu kwa mkono, nikatoka.

Unajua alikuwa anauliza nini. Tulipandishwa cheo masajini kumi na mmoja siku moja, na mimi nimezika saba kati yao. Wote walianza na kikohozi. Mke wangu marehemu, Akoth, alipofariki mwaka wa tisini na moja, tulisema malaria. Mimi ndiye niliyesema malaria, na baada ya hapo sikuuliza tena.

Naogopa, Akello. Nimeliandika hilo neno kisha nimeliangalia kwa muda. Nilifanya kazi miaka thelathini na moja na watu walionitishia kisu, na sikuwahi kuliandika.

Mama Nambozo amekwisha kumzika mume mmoja. Mchungaji anataka cheti cha damu kabla ya kufungisha ndoa, siku hizi ni sheria yake kwa kila mtu. Nikipima atajua, kanisa litajua, na wanafunzi mia nne watajua. Nisipopima hakuna ndoa. Nimeona heri anichukie. Mwanamke anayekuchukia halazimiki kukuuguza.

Shamba la kule kwetu nimeandika jina lako na la Jimmy. Hati iko kwa mchungaji. Sasa umejua yote, unaweza kuniacha nipumzike.

Mjomba wako,
Norman


Nalufenya, Jinja
24 Julai 1995
Kwa mkono wa Ojwang. Asome leo leo, Ojwang, umsimamie!

MJOMBA, UNAMEZA VIDONGE VYANGU!

Nisamehe, salamu zitakuja chini. Nilisoma barua yako Ijumaa nikiwa kwenye maabara, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia vibaya, mpaka mlinzi akaja kuuliza nani amefariki. Nikarudi kazini kwa sababu utumbo ulikuwa tayari kwenye bilauri na hausubiri mtu. Nikatia dawa ya Eldoret, nikatia bradikinini, sindano ikapanda ikakataa kushuka kama kila siku. Nikawa naiangalia tu, huku barua yako ikiwa mfukoni. Kikohozi kikavu. Kinawasha, hakitoi kitu, hakina homa, kimeanza Aprili. Na kichwa kimetulia, tangu Aprili! Pakiti nne zinapotea kila safari, tangu Machi! Na lori linalala kwako!

Nilishika meza, Mjomba. Nilicheka kwa sauti. Dakta Isabirye alidhani nimevuta ile etha ya kulalishia panya.

Leo asubuhi nimemvizia Ojwang pale Bugembe na nimemhoji kwa mtindo wako, kimya kirefu kwanza, kisha swali moja. Hakufika mbali. Akasema, "Mzee aliniapisha, dada. Kichwa kilikuwa kinamuua, presha iko juu, na zile dawa za hospitali zinampeleka msalani kila dakika. Mwenye duka Eldoret aliniambia hizi ni za presha. Mzee akasema wewe unazitwanga tu kwenye maji, panya hatapata hasara." Kimoja kila asubuhi, na Jumapili unapumzika! Nani alikuambia presha inakwenda kanisani?

Sasa nisikilize. Unakumbuka nilikuandikia kwamba mkasi umejaa kwenye mapafu? Umeufunga, kila asubuhi, miezi minne. Bradikinini imerundikana kwenye kifua chako na inachokoza neva za koo lako mchana kutwa. Si watu wote huipata. Katika wagonjwa kumi anaweza kupata mmoja, na kwa wengine haitokei kamwe. Yameandikwa! Makala iko kwenye rafu juu ya kichwa changu. Nimeisoma mara mbili na kupigia mistari, na haikunijia hata siku moja kwamba kikohozi kile kinaweza kuwa cha mtu ninayemjua. Ningekuuliza tu mwezi wa Aprili kichwa kimetulizwa na nini! Nawe uliandika "usiulize", nami nikatii kama mjinga.

Fanya haya. Kwanza, acha vidonge hivyo leo, vyote vilivyobaki mpe Ojwang. Pili, kesho asubuhi nenda kwa yule daktari kijana na barua niliyoifunga pamoja na hii. Dakta Isabirye ameitia sahihi. Akubadilishie dawa ya presha, zipo za aina nyingine zisizogusa mkasi. Usikae bila dawa, presha yenyewe inaua. Tatu, ngoja. Hakitakoma kesho. Wengine huchukua wiki moja, wengine hata nne.

La nne ni gumu na nitalisema wazi, kwa sababu wewe ulinifundisha kusema wazi. Mimi najua kinachokukohoza, kwa kadiri mtu anavyoweza kujua akiwa mbali. Sijui kilichomo kwenye damu yako. Bilauri yangu haiwezi kuniambia habari za Akoth. Nenda ukapime. Ikiwa safi, utajua. Isipokuwa safi, utajua pia, nami nitapanda basi siku hiyo hiyo na tutakaa wote. Lakini Mama Nambozo mwambie ukweli yeye mwenyewe, uso kwa uso.

Kuna jambo nilikuficha na mimi. Kwa sababu ya pakiti hizo nimeandika maelezo mara mbili, na jina langu lilikuwa limekwishapelekwa kwa wakubwa kwamba napoteza dawa za utafiti. Sikutaka ujue. Leo Dakta Isabirye ameyachana yale maelezo mbele yangu, halafu akaniuliza kama mjomba wangu angekubali kikohozi chake kiingie kwenye hotuba ya Kampala. Bila jina! Nimemwambia nitauliza.

Sasa salamu. Nakusalimu kwa moyo wote, mwizi wangu.

Akello


Mbale
20 Agosti 1995

Binti yangu Akello Daphine,

Pokea salamu za mtu aliyelala chali. Usiku kucha, chali, mto mmoja. Jimmy nisalimie, na Dakta Isabirye nimemwandikia kwa posta karatasi yake mwenyewe: mimi, Norman Otim, nakiri kupokea pakiti kumi na mbili za dawa ya utafiti nikijua si zangu, dereva alitenda kwa amri yangu, naomba adhabu imfikie mhusika. Miaka thelathini na moja nimeandika hati za namna hiyo kwa ajili ya wengine. Ya kwangu imenichukua siku mbili. Kikohozi changu nampa bure, na jina akitaka aliweke.

Sasa mambo yenyewe. Siku tano za kwanza hakuna kilichobadilika, nami nikakutukana kidogo. Siku ya sita nilikula mlo mzima bila kuinuka. Siku ya tisa nilikuwa nafunga mbuzi, nikahisi kuna kitu kimepungua mahali fulani. Nikasimama nitafute. Nilikuwa sijakohoa tangu asubuhi! Nikajaribu kukohoa kwa makusudi, hakitoki. Nikacheka peke yangu pale zizini kama mtu aliyerukwa na akili. Nikaimba wimbo wa paredi wote, beti zote, majirani wakatoka nje. Akello, wewe na utumbo wako wa bilauri! Nilidhani unacheza na masizi huko.

Damu nilitoa tarehe ishirini na nane Julai, kabla sijajua kama kikohozi kitaondoka. Nataka ulijue hilo. Majibu yalikuwa wiki mbili. Nilikwenda Ijumaa tarehe kumi na moja, nikiwa nimevaa sare ya zamani, sijui kwa nini. Yule mama wa pale kwenye nyumba ya kupimia alifungua karatasi na kunionyesha mahali pa kusoma. Sina. Nilimwomba asome yeye. Akasoma. Nikamwomba tena. Nilimlilia Akoth siku ile, pale pale kwenye benchi, kwa sababu kumbe ilikuwa malaria kweli, na mimi miaka minne nimemshuku kaburini.

Nikatoka hapo moja kwa moja mpaka jikoni kwa Mama Nambozo. Watoto walikuwa kwenye foleni na sahani. Nilimwambia yote akiwa ameshika mwiko, kikohozi, vidonge, wizi, woga. Nikamwonyesha karatasi. Nilitegemea atafurahi. Aliisoma, akaikunja vizuri, akanirudishia. Akasema, "Na mimi je, afande? Mimi nilizika bwana. Damu yangu unafikili nani alipima?"

Mimi, Akello, sikuwahi kufikiri. Miezi minne nilikuwa nimekaa na woga wangu nikidhani niko peke yangu ndani yake. Yeye amekaa na wake tangu kabla hajanijua. Nilipoahirisha harusi bila sababu alidhani nimesikia habari za mume wake, kwamba namkimbia yeye. Akaniambia, "Karatasi yako ni nzuri. Sasa wewe nenda. Mimi hapana kasirika." Kisha akaendelea kupakua posho.

Nilichukua mwiko wa pili. Nikapakua naye mpaka mtoto wa mwisho, na sikukagua sahani hata moja. Jumatatu asubuhi tulikwenda wote kwenye ile nyumba ya kupimia. Nilishika mkoba wake akiwa ndani. Majibu yake yatatoka Jumatatu ya tarehe ishirini na nane.

Jana tulikwenda kwa mchungaji. Anataka vyeti viwili, nami nimemwahidi atavipata vyote viwili, viseme vitakavyosema, na mimi nitasimama pale siku yetu mpya, tarehe tisa Septemba, nikiwa na Mama Nambozo, au nitafute mchungaji mwingine. Aliniangalia sana. Akauliza kama hatuoni vema tungoje Jumatatu hiyo ipite, ndipo aanze kututangaza. Mama Nambozo alikuwa anaangalia mikono yake, nami nikamwambia mchungaji aanze kesho yake.

Leo asubuhi tumetangazwa kanisani kwa mara ya kwanza.

Mjomba wako,
Norman Otim